Mwosha Ndege wa Kawempe

Estelle wa saluni ndiye aliyeniambia kwamba mzee wa mlango wa nne anakula masizi. Alisema amemwona kwa macho yake, pale gereji ya malori, amepiga magoti nyuma ya lori kuukuu, anakwangua bomba la moshi kwa kisu na kutia ule unga mweusi katika kopo la maziwa ya mtoto. Jioni yake akamwona tena kibarazani anakula posho, ugali wa huku, vidole vyeusi mpaka kwenye viungo. Na si hayo tu. Siku nyingine mzee huyo aliingia saluni, akavua kofia kwa adabu, akaomba nywele zilizofagiliwa.

"Nywele za nani?" nikamuuliza.

"Za yeyote. Alitaka ndefu, zile za kusukia. Weye, Mama Victoire, uko na mtoto mchanga, na kitanda chako na chake ni ukuta mmoja. Mimi ningekuwa weye ningehama."

Sikuhama. Muzigo, ndivyo wenyeji wa Kampala wanavyokiita chumba kimoja cha kupanga, haupatikani hivi hivi kwa mwanamke mwenye mtoto na kazi ya kufulia watu. Lakini nilianza kumchukia yule mzee hata kabla hatujasalimiana vizuri. Akija bombani na jerikeni yake nilikuwa natazama kucha zake. Zilikuwa na weusi usiotoka. Nguo chafu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo najua weusi unaotoka na usiotoka. Nilisubiri ajaze aende zake, ndipo nausugua mdomo wa bomba kwa sabuni kabla ya kukinga maji ya mwanangu.

Kilichonipeleka mlangoni kwake ni harufu. Ukuta wetu haufiki kwenye bati, umeacha nafasi ya shibiri moja, na kwa hapo tunasikiana kila kitu. Yeye anamsikia Victoire akilia, mimi naisikia redio yake ya Kilango, lugha ya kwao, asubuhi. Wiki hiyo ikapita harufu ya rangi na ya dawa ya kuyeyushia rangi, kali na tamu pamoja, kama ndizi iliyoozea ndani ya petroli. Victoire alikuwa na miezi saba. Akaanza kukohoa. Siku ya tatu nikamfunga mgongoni nikaenda kubisha.

Nilitegemea kukuta mifupa. Nilikuta ndege za vita.

Zilikuwa kumi na moja, kila moja urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni. Nyingine zilining'inia kwa uzi kutoka kwenye boriti, nyingine zilikaa juu ya ubao. Miili yake ameichonga kwa mti wa musizi, vioo vya rubani amevikata kwenye chupa za maji, matairi ni ya ndala. Nywele za saluni ya Estelle zilikuwa zimekazwa kutoka kichwani mwa ndege hadi mkiani, unywele mmoja mmoja, kuwa waya wa redio. Na masizi ya malori yalikuwa yamepakwa ubavuni, pale moshi wa bunduki unapotokea.

Ilinipasa nifurahi kwamba hapana uchawi. Nilichefukwa zaidi. Mimi ndege za namna hiyo nimeziona kwa upande wa chini. Kwetu, kabla hatujavuka mpaka, moja ilipita asubuhi juu ya soko, na baada yake tulifagia soko kwa mafagio ya nyumbani, na sitasema tulifagia nini. Sasa nimesimama katika chumba cha mtu aliyezichonga kwa upendo, akayapaka matumbo yake rangi ya mawingu.

Nikamwambia kuhusu mtoto. Alisimama wima, visigino pamoja, kama askari anayepewa amri, akasema samahani mama, sikujua mtoto anaumia. Kabla ya saa moja kupita alikuwa ameyatoa makopo yote ya rangi nje, chini ya kibanda cha bati nyuma ya vyumba, na ile nafasi ya juu ya ukuta ameiziba kwa kaveera, ile mifuko myeusi ya plastiki, akaipigilia misumari midogo kwa mstari ulionyooka. Victoire akaacha kukohoa. Na mimi, niseme kweli, adabu yake iliniudhi. Mtu mchafu ni rahisi kumchukia akiwa pia jeuri.

Tangu hapo tukawa tunafanya kazi ua mmoja, mimi na mabeseni yangu, yeye kibandani na brashi zake. Maisha yake niliyapata hapo, kipande leo, kipande kesho. Aliitwa Odyek, mtu wa upande wa Lira. Alipokuwa kijana alikuwa anaandika majina juu ya milango ya maduka, na jeshini walimchukua kwa sababu mkono wake ulikuwa hautetemeki. Walimpa ndoo. Miaka ishirini na sita aliosha ndege na kuzipaka rangi katika kambi moja ambayo hakunitajia jina, nami sikuuliza. Mkewe alifariki mwaka aliostaafu. Watoto wako kwao na wana maisha yao. Nilimuuliza kama aliwahi kuruka na hizo ndege.

"Hata siku moja," akasema. "Nani anachukua ufagio safarini?"

Huko kwao kambini, ndege chafu ilikuwa aibu. Ukiiacha na alama ya kiatu juu ya bawa, unagaagazwa kwenye nyasi mbele ya wenzako. Kwa hiyo kilichomtia kinyaa zaidi katika kazi yake ya sasa ni wateja. Wengine walikuwa maofisa wastaafu, wengine wenye mabaa, na wote walikuwa na ombi moja: iwe chafu. Ionekane imetoka kazini. Aliniambia kuna afande mmoja ambaye ndege zake hazikutoka bandani hata siku ya manyunyu, naye anataka moshi wa bunduki ubavuni, na alama za mabomu zichorwe ishirini na nne chini ya dirisha.

"Ninampakia uchafu wake," alisema, "halafu ninanawa."

Na uchafu wake ulikuwa mbaya, maana alikuwa hajui kuchafua. Rangi alikuwa bingwa. Alipaka kijivu cha chini, akasugua kwa msasa laini, akapaka kijani na udongo, mipaka ikakaa kama imekatwa kwa wembe. Kisha inapofika kuchafua, anachovya kipande cha sponji ya godoro katika rangi ya kahawia anagongagonga kila mahali sawasawa, anarusha matone kwa mswaki, na ile ndege inakuwa kama kitenge.

Siku moja nilicheka nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, mzee, uchafu hauko hivyo. Nikamletea shati la konda mmoja ninayemfulia. Nikamwonyesha kola, pale shingo inapogeuka. Nikamwonyesha bega la kulia, upande unakopita mkanda wa mfuko wa hela, na la kushoto ambalo ni safi. Uchafu una mwenyewe, nikasema. Unafuata mkono, unafuata jasho, na mvua ikinyesha unashuka nayo. Alilishika shati la mtu kwa muda mrefu, akaligeuza nje ndani. Halafu akachukua ndege moja, akajiuliza kwa sauti rubani anakanyaga wapi akipanda, fundi anashika wapi akifungua kifuniko, mvua inateremka kwa upande gani. Jioni hiyo ile ndege ilikuwa imechoka kabisa, kama mtu aliyetoka shamba.

Ilinipendeza, na hilo ndilo lililonichukiza. Nilirudi chumbani nikanawa mikono mara mbili kabla ya kumnyonyesha Victoire.

Alum alikuja Jumatatu moja, kutoka Kyambogo, anakosomea ualimu. Msichana mwembamba, miwani, sauti ya chini. Alipiga goti kumwamkia mzee, pale pale kwenye matope ya maji yangu ya sabuni. Alikuwa na picha ndani ya kitabu ili isikunjike. Kwenye picha ni baba yake, Tarcisio, rubani, amesimama kando ya ndege na kofia yake kwapani, anacheka. Picha ilipigwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri ndege hiyo ilianguka ziwani. Alum alikuwa na miaka miwili. Sasa inatimia miaka ishirini, ataombewa misa kanisani Lubaga, na yeye alitaka ile ndege, ndogo, ikae mezani kando ya picha.

Alieleza polepole, kama mtu aliyerudia maneno njiani. Barua iliyokuja nyumbani ilisema rubani alikosea. Basi kwao, kila kukiwa na mkutano wa ukoo, baba zake wadogo wanalisema hilo, kwamba Tarcisio alijigamba mbele ya wageni akaangusha mali ya serikali. Mama yake alikufa akiwa amelisikia. Alum hakuomba kuondolewa aibu hiyo, alisema hajui kama inaondoka. Alitaka tu kuiona ndege ilivyokuwa siku ile.

"Na uchafu wake wote, mzee," akasema. "Usiisafishe."

Mzee Odyek aliishika picha kwa kingo. Alisema alimfahamu Tarcisio, kwamba alikuwa rubani anayesalimia hata watu wa ndoo. Mengine hakusema. Nilifikiri ni huzuni.

Kazi hiyo aliifanya tofauti. Kila kipimo alikitoa kwenye daftari lake la zamani, inchi moja kwa thelathini na mbili za ndege yenyewe. Alichora misumari ya bati mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Aliniita mara nyingi. Hapa kiatu cha Tarcisio kilipita, Mama Victoire, kingeacha nini? Vumbi tupu, nikamwambia, asubuhi hakukuwa na matope, angalia viatu vyake pichani. Akapaka vumbi, kwa unga wa tofali aliousaga mwenyewe. Nilianza kusahau kwamba ni ndege ya kuua. Ilikuwa ndege ya baba wa Alum.

Ndipo nikauona mstari. Nilikuwa nimeishika picha, naitazama kama ninavyotazama shuka kabla ya kuiloweka. Chini ya tumbo la ndege, kwenye kiungo cha bati karibu na injini, ulitoka mstari wa kahawia mwembamba kama kidole cha mtoto, ukaelekea mkiani. Kwenye ndege ya mzee haukuwepo.

"Mzee, hapa chini umesahau."

Hakuinua kichwa. "Hicho kivuli."

"Kivuli cha nini? Jua liko huku, na vivuli vingine vyote vimelala kule. Haya ni mafuta. Tazama yanavyotanuka mwishoni."

Akanipokonya picha, akailaza kifudifudi. "Nenda uangalie nguo zako," akasema. Alikuwa hajawahi kunifukuza kabla ya hapo.

Nilikuwa namfulia pia vitambaa vyake vya kufutia rangi. Ijumaa nilikuta kimoja chenye futo moja la kahawia, alama ya kupangusa mara moja, pana kama vidole vitatu. Jumamosi nikakuta kingine, futo lile lile. Jumatatu asubuhi cha tatu. Vitambaa vya mzee siku zote vilikuwa na rangi za kila namna, zimerundikana. Hivi vitatu vilikuwa safi, isipokuwa lile futo moja katikati. Mwenye kazi kama yangu hahitaji kuambiwa. Sikuviloweka. Nilivipeleka kibandani nikavitandaza mezani kwake, kimoja kando ya kingine.

"Unauchora halafu unaufuta," nikasema.

Alivitazama. Aliniambia nikae, nikakataa, nikabaki nimesimama na Victoire mgongoni, na yeye akasimulia akiwa ameitazama meza.

Siku ile kambini walikuwa wanangoja mgeni mkubwa. Amri ilikuwa kila kitu king'ae. Aliiosha ndege ya Tarcisio saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja ikapigwa picha, na tayari mafuta yalikuwa yametoka kidogo pale kwenye kiungo. Akayafuta. Baada ya nusu saa yakarudi, akayafuta. Yakarudi tena. Sheria ya kambi ilijulikana na kila mtu, hata wa ndoo: doa linalorudi halifutwi, anaitwa fundi. Fundi, mtu aliyeitwa Sebit, alikuwa hatua kumi kutoka pale, anakunywa chai. Lakini kumwita ni kufungua kifuniko, ni kumwaga mafuta chini, ni ndege moja kuwa chafu katika mstari wa ndege safi, na mgeni alikuwa ameshafika langoni.

"Nikafuta," alisema mzee. "Sebit akaja kukagua, akainama, akaona tumbo linang'aa. Akatia sahihi."

Tarcisio akapanda, kwa heshima ya mgeni. Ilipoandikwa barua kwamba rubani alikosea, Odyek alikuwa hapo hapo na ndoo yake. Hawakumuuliza, na yeye hakusema. Mwisho wa mwaka kambi ikampa cheti. Aliingia chumbani akakitoa chini ya godoro, akarudi kunionyesha, kimekunjwa mara nne. Cheti cha usafi.

Nilitaka kukitemea mate. Nilimtazama kucha zake nikaona kwamba masizi yalikuwa kitu kisafi kuliko vyote juu ya mwili wake. Kinyaa nilichokuwa nacho siku ya kwanza kilikuwa cha pua na macho, na kinyaa hicho maji yanakitoa. Hiki kilikuwa kingine. Nilimfikiria yule msichana, goti lake kwenye matope.

"Amekupigia goti," nikamwambia. "Miaka ishirini ukoo unamla baba yake, na wewe unamchongea mwanasesere."

"Najua."

"Mwambie."

Alisema amejaribu kuyapanga maneno, na kila akiyapanga yanatoka safi, yanatoka kama ripoti, hayana yeye ndani. Akaona afadhali ndege imtangulie. Alum ataiweka kando ya picha, atauona mstari, atauliza kama nilivyouliza mimi. Na mtu akimuuliza, jeshini walimfundisha kujibu. Bila ule mstari hakuna atakayeuliza, naye atanyamaza, anajijua. Lakini kila anapoupaka, kabla haujakauka, mkono unakwenda kwenye kitambaa wenyewe. Mara tatu sasa.

Nilitoka bila kuaga. Mlangoni kwangu nilimkuta Estelle, amekuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, na macho yake yalikuwa yametangulia kibandani. Akaniuliza kama nimegundua mzee ni mchawi wa namna gani. Nikasema si mchawi. Basi ni nini, akataka kujua.

"Ni mtu msafi sana," nikamwambia, na sombe yake sikuweza kuila.

Asubuhi ya Jumanne nilikuwa naanika shuka. Victoire alikuwa ameketi juu ya mkeka, anagonga kopo kwa kijiko. Mzee Odyek alikuja amebeba ndege ya Tarcisio juu ya kipande cha bati, kwa mikono miwili, anatembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Alisimama nje ya kizingiti changu, hakuvuka. Nikaona tumbo la ndege. Mstari ulikuwepo. Ulikuwa mbichi, unang'aa, mwembamba ulikoanzia na umetanuka mwishoni vile vile mafuta yanavyotanuka, na ulikuwa wa kweli kuliko kitu chochote alichowahi kupaka.

Alisema hii ni rangi ya mafuta, haikauki upesi, inataka siku nne. Alum anakuja Jumamosi kuichukua, na misa ni Jumapili.

Nilielewa anataka nini kabla hajamaliza, na mwili wangu wote ukakataa. Chumba changu ni kimoja. Juu ya sanduku ndipo zinapokaa nepi za Victoire na Biblia ya mama yangu, hakuna mahali pengine. Nilifikiria kuamka siku nne na kitu hicho kikinitazama kwa upande wa tumbo, upande ninaoujua mimi. Nilifikiria pia kwamba nikikataa, mpaka mchana kitambaa cha nne kitakuwa kwenye beseni langu.

Victoire aliacha kopo, akanyoosha mkono kuelekea ile ndege. Nikamvuta.

"Ikae kwako mpaka Jumamosi, mama," alisema mzee. "Nikija kuiomba, usinipe. Nitakuja na sababu nzuri, nitasema bawa limekaa vibaya, nitasema kuna nukta nimesahau. Hata nikikulilia, Mama Victoire, usinipe."